Mtego wa Mama Mdogo

Kitu chenyewe kilitoka kwenye belo la viatu. Mama yangu anauza viatu vya mtumba Kasulu, na likizo ya katikati ya mwaka nilikuwa namsaidia kufungua. Ukikata zile kamba, belo linavimba lenyewe kama unga uliotiwa hamira, halafu harufu ya stoo ya watu usiowajua inatoka. Mama huwa anachambua kimya. Raba huku, vya kike huku, vya kuokotea huku.

Siku hiyo akatoa kitu ambacho hakikuwa na mahali pa kwenda. Halafu cha pili. Vilikuwa vinne, jozi mbili. Vilikuwa kama viatu lakini soli ilikuwa bamba la plastiki ngumu lenye matundu katikati, na nyuma ya kisigino pana mgongo mrefu kama wa kiti. Jozi moja ilikuwa na mikanda miwili yenye meno, unavuta jino kwa jino. Jozi ya pili haikuwa na mikanda ya kuvuta. Ilikuwa na kifuniko kipana cha kulala juu ya mguu, na ule mgongo wake ulikuwa unaanguka nyuma ukiugusa.

"Mwanangu, wewe ndiye unasoma," mama akasema. "Hebu angalia hivi ni nini."

Wanawake wa meza za jirani wakaja. Mmoja akasema ni vya waliovunjika miguu. Mwingine akasema, "Acheni, hivyo ni vya kufungia farasi." Wote wakaniangalia mimi.

Niseme ukweli kuhusu mimi. Siongei sana. Na kwa sababu siongei, watu wanadhani ninajua. Nikinyamaza darasani mwalimu anadhani nimeelewa, nikinyamaza nyumbani mama anadhani nimekubali. Kusema "sijui" mbele ya watu ni kitu kinachonishinda kuliko hata kusema uongo. Nimejijua hivyo mwaka huu.

Nikachukua simu ya mama, nikaandika maneno yaliyochapwa ubavuni mwa kile kitu. Ikaja video. Mtu amevaa manguo mengi, yuko juu ya mlima mweupe wote, ana ubao mrefu. Nikaelewa haraka. Kule kwenye theluji watu wanateleza mlimani wakiwa wamesimama juu ya ubao, na hivi ndivyo vinavyoishika miguu isitoke. Vya mikanda vinamlazimu mtu akae chini kwenye baridi avute jino kwa jino. Hivi vingine ni vya haraka: unaangusha mgongo, unasukuma mguu kutokea nyuma, unainua mgongo, unabana mkono wa chuma ulioko nyuma ya kisigino, kap, umemaliza. Yule mtu alifanya mara moja, akacheka. Akaanza kuteleza. Kabla hajafika chini bando likaisha.

Nikawaeleza. Mama akacheka mpaka akajifuta macho. "Theluji! Sisi tukipata mvua ya mawe tunaita watoto waje waone. Nani atanunua?"

Ndipo nikamfikiria mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, anakaa Kibondo, na tangu nianze kidato cha tatu ninakaa kwake kwa ajili ya shule. Ni fundi cherehani. Kibarazani kwake huwezi kukosa mtu anayesubiri kitu, sketi za shule au kitenge cha sherehe. Mguu wake wa kulia ulipatwa na ugonjwa akiwa mtoto. Ni mwembamba, na kuanzia kwenye goti hauna nguvu, wayo wake uko legelege. Kutembea anatembea, kwa kuurusha. Shida yake ni cherehani, kwa sababu yetu ni ile ya kukanyaga, yenye pedeli pana ya chuma chini, na inataka miguu miwili. Wa kulia ulikuwa unateleza unatoka kwenye pedeli. Anaurudisha kwa mkono. Anashona kidogo, unatoka, anaurudisha. Akiwa na kazi nyingi alikuwa anaufunga kwa kipande cha khanga, na jioni unakuta kifundo kimechubuka.

Nikamwomba mama jozi zote mbili. Akaniambia nichukue, hazikuwa na meza.

*

Mama mdogo alizipokea kama mtu anavyopokea kuku, akazipindua huku na huku. Nikamweleza theluji, ubao, kila kitu. Siku hiyo niliongea kuliko mwezi mzima.

"Na ipi nzuri?" akauliza.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshashika ile ya mikanda. Alikuwa anavuta meno, anaachia, anavuta. Kibonyezo cha kuachia kilikuwa juu, upande wa nje, mahali ambapo mkono unafika. "Hii naielewa," akasema. "Ni kama mkanda wa begi."

"Hiyo ya zamani, mama mdogo," nikasema. "Hii nyingine ndiyo ya kisasa. Ni ya haraka. Unaingiza tu."

"Una hakika?"

"Nimeona yote kwenye simu."

Nakumbuka hiyo sentensi. Nilikuwa nimeona nusu.

Tukaenda kumwita fundi baiskeli wa pale kwenye njia panda. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile lakini hakuuliza maswali mengi. Pedeli ya cherehani yetu ina nakshi zenye matundu, akatafuta bolti nne ndefu, akaweka kipande cha tairi katikati kisigonge, akakaza kwa spana. Kimoja tu, cha kulia. Cha kushoto kikabaki chini ya kitanda changu. Kwa kuwa vile vitu vimetengenezwa kwa mabuti makubwa, mguu wa mama mdogo ulikuwa unacheza humo ndani kama punje kwenye debe. Tukampa raba kubwa iliyoachwa na mjomba wangu na soksi mbili. Nikakaza kifuniko pande zote sawasawa, nikisimama na kupima kama vile nimesomea. Hilo nililifanya vizuri, sitajinyima. Ukishakaza mara moja hukazi tena, kila siku unaingiza tu.

Mama mdogo akaangusha mgongo, akasukuma mguu, akauinua mgongo kwa mkono, na kwa mguu wa kushoto, ule mzima, akaubana mkono wa chuma chini. Kap. Akakanyaga. Pedeli ikaenda. Akakanyaga tena. Gurudumu likashika kasi, sindano ikaanza kulia, na mguu wake ule mwembamba ukawa unapanda na kushuka pamoja na mwenzake, hautoki. Akashona kipande cha kitambaa kisicho cha nguo yoyote, mstari mrefu, ili tu asikie. Fundi baiskeli akasema, "Eeh! Sasa tutakuwekea breki."

Mama mdogo hakucheka. Alikuwa analia kidogo, anajifanya anaangalia uzi.

Ilipofika wakati wa kutoka ndipo tulipojua. Ule mkono wa chuma, kuufunga unausukuma chini, kuufungua unauvuta juu. Na uko nyuma ya kisigino, chini ya meza, kati ya vyuma vya cherehani na gurudumu. Mguu wa kushoto hauwezi kuvuta. Na yeye akiinama, meza inamzuia kifuani. Akajaribu mara tatu.

"Sasa natokaje?"

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini, nikavuta. Mgongo ukaanguka, mguu ukatoka.

"Na wenyewe kule wanatokaje?" akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema sijui, bando liliisha. Ningesema turudi tuweke ile ya mikanda. Lakini ile ya mikanda mama mdogo ndiye aliyeichagua na mimi ndiye niliyeikataa, na fundi baiskeli bado alikuwa amesimama pale na spana.

"Wanafunguana," nikasema. "Huwa wanakwenda wawili wawili."

Mama mdogo akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo zuri. "Basi na sisi tutafunguana. Nikikuita unakuja, sawa mwanangu?"

"Sawa."

Ile ya mikanda akapewa bodaboda mmoja, akakata mikanda akawa anafungia mizigo. Mama mdogo akakipa kitu chetu jina. Akakiita mtego. "Jirani, subiri niingie mtegoni nikushonee." Wateja wanacheka. Asubuhi kabla ya shule namfungua, saa za chakula nakimbia namfungua, jioni namfungua. Nikiwa shule wakati mwingine mteja anamfungua, lakini hakupenda kumpigisha magoti mtu mzima miguuni kwake. Alikuwa anasubiri mimi.

*

Sasa kuna mambo mawili lazima niyaeleze.

La kwanza, mama mdogo alikuwa na mchumba. Mwanamume wa kijiji cha Kitahana, fundi wa kujenga, mpole, anakuja Jumapili na ndizi. Wao wawili walishaelewana. Aliyekuwa hajaelewa ni mama yake huyo mchumba. Yule bibi alikuwa amesikia habari za mguu, akauliza, na maneno yakafika kwetu kama yanavyofika: "Huyo atachota maji na mguu gani?" Akasema atakuja siku moja bila kusema siku, amwone mwenyewe akiwa kazini kwake, kabla hajatoa jibu.

Kwetu huku mtu kama huyo humwamkii ukiwa umekaa. Akija, unaacha ulichoshika, unasimama, unamwendea, unakunja magoti mpaka chini, unapiga makofi taratibu huku unamsalimia, na unabaki hapo mpaka aseme inuka. Ukikaa umemwambia hana maana. Hata vijana tunaocheka mambo ya zamani, hilo tunalifanya. Mama mdogo alikuwa akijifunza. Nilimwona chumbani, ameshika mlango, anashuka, anapanda, anashuka. Kisha bila kushika mlango. Jasho linamtoka. "Akinikuta nashona, naamka mwenyewe, napiga magoti mwenyewe, naamka mwenyewe," aliniambia. "Hicho tu. Mengine Mungu atajua."

La pili ni la kwangu, na kalamu inakuwa nzito.

Darasani kwetu kuna mvulana anakaa mbele yangu. Sitasema zaidi. Anaongea vizuri, anachekesha walimu. Muhula ule nilikuwa mgeni bado, hakuna aliyejua ninakokaa. Siku moja tukiwa njiani kundi zima, tukapita ng'ambo ya baraza yetu, akaiona ile raba kubwa ndani ya mtego inapanda na kushuka. Akasema, "Oya, yule mama amefungwa bolti! Ukimwibia kitambaa atakukimbiza na cherehani yake." Wakacheka. Akanigeukia mimi. "Si nakuonaga pale? Yule ni nani yako?"

"Jirani tu," nikasema.

Nikapita nyumbani kwetu kama sipajui. Nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa uani.

*

Bibi alikuja siku ya kawaida, mchana wa jua. Sisi tulikuwa tumetoka shule mapema kwa sababu walimu walikuwa na kikao. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mihogo ya kukaanga, pamoja na yule mvulana na wasichana wawili wa darasani. Alikuwa ameninunulia kipande. Ananieleza kitu, mimi naangalia mhogo, nimefurahi.

Nikamwona bibi anashuka kwenye baiskeli ya mtu, amevaa kitenge kipya, ana fimbo na kikapu. Nilimjua kwa sura, amefanana na mwanawe. Akaingia barazani. Akasimama. Hakusema kitu, kwa sababu si yeye wa kuanza.

Mama mdogo akaacha kitambaa. Akaweka mikono mezani, akainuka nusu, akarudishwa. Nikaona bega lake likishuka upande wa kulia, anatafuta ule mkono wa chuma. Hakuufikia. Akaangalia mlangoni, akaangalia barabarani. Akaniona.

"Mwanangu!" akaita. "Mwanangu, njoo!"

Ni hatua kumi na tano. Nimezihesabu baadaye.

Yule mvulana akageuka. "Anamwita nani?"

Mama mdogo akaita tena, safari hii kwa Kiha, sauti ya chini, yenye haraka. Akaniita mara ya tatu. Mimi niliuma mhogo. Nikautafuna. Nikasema, "Sijui." Neno ambalo maisha yangu yote limenishinda, siku hiyo likatoka lenyewe, laini kabisa.

Mama mdogo akaacha kuita. Akanyoosha mkono kwa bibi akiwa amekaa. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa meza ya cherehani, akapiga makofi akiwa pale pale juu ya kiti. Bibi hakuushika ule mkono. Akaangalia chini, akaona mguu kwenye lile dude na bolti zake. Nadhani aliona chuma cha hospitali. Kisha akageuka na kikapu chake, hata hajakiweka chini, akatoka, akapita mbele yetu akiongea peke yake: "Kumbe hata kusimama hasimami."

Msichana mmoja akasema, "Maskini."

Niliwaaga. Nikazunguka kwa mlango wa uani kama kawaida yangu. Nikapiga magoti, nikavuta ule mkono. Mguu ukatoka. Mama mdogo hakuniangalia. Alikuwa anakunja kitambaa alichokuwa anashona, kona kwa kona, na kilikuwa bado na sindano.

"Ulikuwa hujanisikia," akasema. Hakuuliza. Alikuwa ananipa jibu nilishike.

"Ndiyo," nikasema. "Magari."

Hakuna gari lililopita.

*

Kesho yake niliporudi kutoka shule, mama mdogo alikuwa anashona, uso umevimba kidogo. Kwenye ule mkono wa chuma alikuwa amefunga utepe mweusi, ule wa kutia kwenye kiuno cha sketi. Ameupitisha nyuma ya gurudumu, ukatoka kwenye tundu pembeni mwa meza, na mwisho wake ameufunga kifungo kikubwa cha koti.

"Angalia," akasema. Akavuta kifungo juu. Mgongo wa mtego ukaanguka. Mguu ukatoka. Akasimama. "Nimefanya hivi tu. Wenyewe kule hawana utepe?"

Nikasema, "Mama mdogo, sikuona wanavyotoka. Bando liliisha."

Akakaa tena taratibu. "Kwa hiyo hawafunguani."

"Sijui. Labda wanainama tu. Hawana meza."

Akakizungusha kile kifungo kidoleni. Utepe mmoja na kifungo. Kama ningesema sijui siku ile ya spana, angeufunga siku ile ile. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Haya. Nenda kale, kuna maharage."

Ile habari ya magari sikuigusa. Nikala maharage. Nikakaa na habari hiyo zaidi ya wiki. Mchumba wake hakuja Jumapili. Wala ndizi hazikuja. Jumatatu mama mdogo akanikuta jikoni akaniuliza kama nadhani bibi angeelewa akitumiwa mtu wa kumweleza. "Lakini nani atamweleza?" akajijibu. "Watasema fundi cherehani ametunga hadithi ya theluji kuficha mguu wake." Akacheka, akaacha katikati.

Nikaenda kwa fundi baiskeli na kile cha kushoto, kilichokuwa chini ya kitanda. Nikamwomba anifungie kwenye ubao. Alikuwa na ubao wa kreti la zamani, mrefu kufika kifuani kwangu. Akafunga kwa bolti, akauangalia. "Unakwenda kuteleza wapi?"

"Kitahana."

"Mvua haijanyesha," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

*

Jumamosi nikamwambia mama mdogo nakwenda kujisomea. Nikaenda kwa miguu, ubao begani. Hakuna kitu kigumu kwa mtu anayeogopa kuangaliwa kama kubeba kitu ambacho hakuna anayekijua. Kila mtu aliuliza. Wanaotoka shambani na majembe, watoto wanaochunga mbuzi, mwanamume mmoja mwenye gunia la mkaa kwenye baiskeli alisimama kabisa. "Dada, hilo ni jeneza la paka?" Watoto walinifuata mpaka darajani wakiimba kitu walichokitunga hapo hapo. Nilikuwa naangalia vidole vyangu na vumbi jekundu. Mara mbili nilitaka kuutupa mtaroni nirudi.

Bibi alikuwa uani anapepeta maharage. Nikaweka ubao chini, nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamsalimia vizuri mpaka mwisho.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi nakaa kwa fundi cherehani wa Kibondo. Ni mama yangu mdogo."

Akaacha kupepeta. Hakusema inuka.

Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, yote yakapotea. Kwa hiyo nikafanya tu. Nikavuta kigoda chake, nikakaa, nikaweka mguu wangu wa kushoto kwenye mtego, nikainua mgongo, nikabana. Kap. Nikavuta gunia lake la maharage, nikaliegemeza juu ya ubao ili ubao usinyanyuke. Nikasema, "Bibi, sasa tuseme wewe ndiye umeingia barazani kwetu. Nataka kusimama nikuamkie." Nikajaribu kumwendea. Nikaanguka ubavu, mguu ukabaki pale pale. Nikaumia kweli, haikuwa maigizo.

"Huu ndio ulikuwa mguuni kwake," nikasema nikiwa chini. "Si mguu uliokataa, bibi. Alikuwa amefungwa. Ni kwa ajili ya kushona. Na wa kumfungua ni mimi. Aliniita."

"Nilimsikia akiita," bibi akasema. "Nilidhani anaita mtu amsaidie kunyanyuka."

"Alikuwa ananiita mimi. Nilikuwa ng'ambo, nakula mhogo."

"Hukusikia?"

Magari, nikafikiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilisikia," nikasema. "Niliona haya. Nilikuwa na wenzangu, nilikuwa nimewaambia yule ni jirani tu."

Kuku wakaja kwenye maharage, bibi hakuwafukuza. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo aliyeninyima heshima ni wewe."

"Ego, bibi." Ndiyo.

"Kwa ajili ya mhogo."

Akaweka ungo chini. Akaja, akasogeza gunia, akanitazama ninavyovuta ule mkono na mguu kutoka. Akaniambia niondoke pale kwenye kigoda. Akakaa yeye. Akavua ndala, akaingiza mguu wake, mpana, uliopasuka kisigino, akauinua mgongo mwenyewe, akabana. Kap. Akajaribu kuinuka. Akarudishwa. Akajaribu tena kwa fimbo. Nikaona mdomo wake ukicheza, sikujua ni hasira au kicheko.

"Nitoe," akasema.

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaingiza mkono nyuma ya kisigino chake, nikavuta. Kitu hicho hicho. Hatua sifuri, hakuna wa kuniangalia ila kuku. Ilikuwa rahisi hivyo.

Hakuniambia atafanya nini. Akanipa maji, akaniambia njia ya mkato, akasema ubao niuache, ataukalia.

*

Nyumbani nikamwambia mama mdogo yote, na la jirani. Hilo hakuwa analijua. Mguu wake ulisimama kwenye pedeli, cherehani ikanyamaza. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Jirani, niletee pasi."

Akaniita hivyo wiki nzima. "Jirani, chumvi." "Jirani, umekoga?" Kwa sauti ya kawaida kabisa, hata ya upole. Kila mara ilinichoma mahali palepale. Nilikuwa naitika.

Bibi alikuja siku ya soko. Nilikuwa natoka shule, tena na wenzangu, tena na yule mvulana. Nikamwona anaingia barazani na fimbo yake. Sikusema kwaheri kwa mtu. Nikakimbia, begi linanipiga mgongoni, nikavuka barabara, nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mama mdogo, nakuja!" Nyuma yangu nikamsikia yule mvulana, "Heh! Kumbe anaongea?"

Nilipofika nilikuwa nimechelewa. Kifungo cha koti kilikuwa kinaning'inia kwenye tundu lake. Mama mdogo alikuwa ameshasimama, ameshamwendea, ameshapiga magoti mpaka chini bila kushika kitu, na mikono yake inapiga makofi taratibu. Mguu wa kulia umekunjika vibaya kidogo. Bibi alimwacha hapo kwa muda unaostahili, hakuupunguza kwa ajili ya mguu. Kisha akasema, "Inuka, mwanangu." Mama mdogo akainuka. Alitumia muda. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono wangu, na hakuna aliyeuhitaji.

Bibi akatoa kitenge kwenye kikapu, akakiweka mezani. "Nipime. Na usinibane kiunoni." Halafu akaniona. "Huyu si ndiye aliyekuja na ubao?"

"Ndiye," mama mdogo akasema, anatafuta futi yake ya kupimia. "Ni jirani yangu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wazima. Wenzangu walikuwa wamesimama ng'ambo wanaangalia. Na mimi nikacheka kidogo, macho chini, nikaenda kumletea bibi maji.